Kitabu cha Siri au Daftari la Ruwaza? Uhakiki wa Istilahi za Ubanaji wa Video

Mswada tulioletewa tuuhakiki ni tafsiri ya kitabu kidogo cha kufundishia. Kitabu chenyewe chaeleza namna picha za video zilivyobanwa katika miaka ya 1990 ili zipate kuchezwa ndani ya michezo ya kompyuta. Jina la mfasiri hatulitaji, wala la chuo kilichomwagiza kazi hiyo, kwa kuwa tunachokihakiki ni maneno. Itoshe kusema kwamba kitabu kimekusudiwa walimu wa somo la kompyuta, na kwamba faharasa ya istilahi iliyo mwisho wake imeombewa kibali cha Baraza. Faharasa ikishapata kibali haibaki katika kitabu kilichoizaa. Huhamia katika miongozo, mitihani na kamusi, na kuling'oa neno lililokwisha ota mizizi huko ni kazi ya miaka mingi.

Huenda mtumishi wa serikali asomaye haya akauliza kwa nini tushughulike na michezo ya vijana. Jibu letu ni kwamba mada hii imechaguliwa vizuri. Simu aliyo nayo mtumishi huyo hubana na kubanua video kila siku, lakini hufanya hivyo kwa kanuni zenye utata mwingi mno kuelezwa katika kipindi kimoja cha darasa. Kanuni za miaka ile ni chache na nyepesi. Mwalimu aweza kuzifuata hatua kwa hatua ubaoni kwa chaki. Akiweza kuzieleza kwa Kiswahili, ataweza kueleza na za leo. Akishindwa, wako walio tayari kusema kwamba ni lugha iliyoshindwa. Maneno hayo tumeyasikia kwa muda mrefu, wala hatuna haja ya kuwapa wasemaji wake ushahidi wa bure.

Hatuna budi kuanza na tatizo lenyewe, maana istilahi isiyotokana na kulielewa jambo huwa ni jina tupu. Diski ya CD katika kasi yake ya awali ilisomwa kwa kilobaiti 150 kwa sekunde. Picha moja yenye upana wa pikseli 320 na kimo cha pikseli 240 ina pikseli 76,800. Kila pikseli ikipewa baiti tatu za rangi, picha hiyo moja huwa na baiti 230,400. Picha 12 kwa sekunde, ambazo ni nusu tu ya zile za sinema, zahitaji baiti 2,764,800. Katika sekunde hiyo hiyo diski yaweza kutoa baiti 153,600 tu. Mahitaji ni mara 18 ya uwezo, na sauti bado haijahesabiwa. Diski nzima, ambayo hubeba megabaiti 650 hivi, ingejaa kwa video ya dakika nne tu. Ndiyo maana The 7th Guest, mchezo wa mwaka 1993, ulihitaji diski mbili ingawa video yake ilibanwa, na Wing Commander III wa mwaka uliofuata ukahitaji nne. Mfasiri amezieleza hesabu hizi bila kosa hata moja, na kwa Kiswahili kinachosomeka bila kukwama. Kwa hilo twampa heko. Matatizo yaanza pale anapoziacha tarakimu na kuanza kuvipa vitu majina.

Jina la kwanza ni la tendo lenyewe. Katika sura ya kwanza mfasiri aliita "mgandamizo", katika sura ya pili "ushindiliaji", na katika faharasa "mbano". Kulipa jambo moja majina matatu ni kosa la ufundi linalorekebishika kwa kalamu nyekundu. Lakini hata tukimtaka achague moja, hatuoni lipi kati ya hayo lingefaa. Mgandamizo ni mali ya fizikia: hewa hugandamizwa ndani ya pampu ya baiskeli, na ikiachiwa hutoka hewa ile ile yote. Kushindilia ni kutia vitu vingi mahali padogo kwa nguvu, kama pamba katika gunia, na pamba hiyo haipungui hata uzi mmoja. Mbano lina shida ya karibu zaidi, maana lakaribiana mno na mabano, na mwalimu wa kompyuta ambaye pia hufundisha hisabati atajikuta na mabano ya maana mbili katika ubao mmoja.

Jambo ambalo maneno yote matatu hayalisemi ni kwamba sehemu kubwa ya njia hizi zilitupa habari. Picha iliyokwisha kubanwa kwa kanuni ya Cinepak hairudi kamwe kuwa ile iliyotoka katika kamera, kilichotupwa kimetupwa. Kwa hiyo twahitaji neno linalobeba wazo la kuishi ndani ya kiasi kilichowekwa kwa kuacha yasiyo ya lazima. Neno hilo lipo, na watumishi wa serikali walijua kuliko mtu mwingine yeyote: kubana matumizi. Ofisa anayeagizwa kubana matumizi hashindilii fedha katika sanduku dogo. Huliangalia fungu alilopewa, kisha hufuta safari, hupunguza viburudisho vya mikutano, na mishahara huiacha. Mtengenezaji wa mchezo wa mwaka 1993 alifanya vivyo hivyo kwa fungu la kilobaiti 150. Twapendekeza, basi, kitenzi "bana" na nomino "ubanaji". Kinyume chake ni "banua", kitenzi kilichomo katika lugha kwa maana ya kukifungua kilichobanwa, kwa kanuni ile ile inayotupa ziba na zibua, funga na fungua. Hatukubuni kitu, tumekiokota mlangoni.

Kwa ubanaji unaotupa habari, mfasiri ametumia "ubanaji wa hasara". Hasara ni neno la duka, nalo hubeba lawama. Jicho la binadamu hutambua tofauti za mwanga na kiza vizuri zaidi kuliko linavyotambua tofauti ndogo za rangi. Basi mtu atupaye sehemu kubwa ya habari za rangi na kuuacha mwanga kama ulivyo amefanya biashara nzuri. Tungesema "ubanaji wenye kupoteza" na "ubanaji usiopoteza". Twakiri kwamba si maneno matamu masikioni, lakini hayamhukumu mtu.

Sasa tufike penye jeraha lenyewe. Cinepak iliundwa na Peter Barrett wa kampuni ya SuperMac ya Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1990, ikaingizwa katika QuickTime ya Apple, kisha ikaenea katika kompyuta za Windows na katika mashine za michezo kama vile 3DO na Sega Saturn. Utendaji wake ni huu. Picha hugawanywa katika miraba midogo ya pikseli nne kwa nne. Badala ya kuandika rangi ya kila pikseli, programu huchagua vipande vidogo vya pikseli mbili kwa mbili vinavyoweza kusimama badala ya vingine vingi vinavyofanana navyo: kipande cha anga tupu, kipande cha ukingo wa bega, kipande cha shavu lenye kivuli. Vipande hivyo, visivyozidi 256 katika kusanyo moja, hupewa namba kuanzia 0 hadi 255 na kuhifadhiwa. Makusanyo huwa mawili. Mraba usio na mambo mengi huandikwa kwa namba moja ya kusanyo la kwanza, na kipande chake hutanuliwa mpaka kiujaze mraba wote. Mraba wenye mambo mengi huandikwa kwa namba nne za kusanyo la pili, moja kwa kila robo. Mraba ambao ungekula baiti 48 sasa hula baiti moja au nne, pamoja na biti chache za kuonyesha ni njia ipi iliyotumika. Kazi ya kuchagua vipande ilikuwa ngumu, nayo iliweza kuichukua kompyuta ya studio saa nyingi. Kazi ya mashine ya mchezaji ilikuwa nyepesi: kuisoma namba, kukitazama kipande, kukiweka mahali pake. Hata rangi zilipangwa kwa namna ambayo mashine haikuhitaji hesabu nzito kuzibadili, ila kujumlisha, kutoa, kuzidisha kwa mbili na kugawa kwa mbili. Katika ukosefu huo wa usawa baina ya mbanaji na mbanuaji umo ujanja wote wa Cinepak, na mfasiri ameueleza vizuri katika ukurasa mzima.

Lakini kusanyo la vipande analiita "kitabu cha siri".

Chanzo cha kosa hili chaeleweka. Neno la Kiingereza alilokutana nalo hutaja pia vile vitabu ambavyo majeshi na balozi walivitumia kuficha yaliyomo katika barua zao, na kamusi aliyoifungua bila shaka ilianza na maana hiyo. Hata hivyo, hapa hapana aliyefichwa jambo. Kusanyo la vipande husafiri ndani ya diski pamoja na picha zenyewe, wazi, wala lisingefaa kitu kama lingefichwa. Kusudi lake ni ufupi. Msimbo na siri ni vitu viwili: namba za mabasi ni msimbo, nazo zimeandikwa vioo vya mbele ili kila mtu azisome.

Athari yake tumekwisha iona. Rasimu ya tafsiri ilirudufiwa kabla haijahakikiwa, ikatumika katika darasa moja la majaribio, na wanafunzi wakaulizwa katika mtihani kwa nini umbizo hili lina kitabu cha siri. Karatasi tulizoonyeshwa zina jibu moja kwa maneno mbalimbali: ili watu wasiuibe mchezo. Mmoja aliongeza kwamba kampuni shindani zisingeweza kuziona picha. Wote walipewa sufuri. Sisi twasema kwamba wanafunzi hao hawakukosea. Walikisoma Kiswahili kama kilivyoandikwa, wakakifuata hadi mwisho wake kwa mantiki nzuri kabisa. Sufuri ile ilikuwa ya faharasa.

Tunachopendekeza ni "daftari la ruwaza". Ruwaza limekwisha zoeleka katika taaluma ya isimu, na kila mwalimu aliyepita katika somo la fonolojia analijua kwa maana ya mpangilio unaojirudia. Wenzetu wawili dawatini walipenda "kamusi ya ruwaza", na kwa kweli lina mvuto. Twaona, hata hivyo, kwamba kamusi ihifadhiwe kwa zile njia za ubanaji usiopoteza zilizotokana na kazi za Lempel na Ziv za mwaka 1977 na 1978, ambazo ni za jamii nyingine. Tena kamusi huchapwa ikabaki ilivyo. Daftari huandikwa na kufutwa, na ndivyo Cinepak ifanyavyo: kadiri picha zinavyoendelea, vipande vingine huondolewa na vipya huandikwa mahali pao.

Kosa la pili laambatana na hilo. Njia yenyewe, ambayo kanuni yake mashuhuri ilitangazwa na Linde, Buzo na Gray mwaka 1980, mfasiri aliita "upimaji wa vekta". Vekta halina ubishi. Lipo katika vitabu vya hisabati. Upimaji ndio unaopotosha. Anayepima hutafuta ukubwa ulivyo. Njia hii hufanya kinyume chake, yaani huuacha ukubwa ulivyo na kuupeleka kwenye ule ulio karibu kati ya michache iliyoruhusiwa. Mguu wa mtu hauna namba. Kiatu ndicho chenye namba. Mwenye mguu unaopita kidogo 41 huondoka dukani na 42, na muuza viatu hakuupima mguu kwa milimita, ila ameutia katika safu ya namba alizo nazo rafuni. Walimu wa hesabu hukiita kitendo cha kuisogeza namba mpaka kumi iliyo karibu kukadiria. Kutokana na kitenzi hicho twapata "ukadirishaji", na istilahi nzima itakuwa "ukadirishaji wa vekta". Kiambishi cha usababishi tumekiongeza kwa makusudi ili neno lisichanganywe na makadirio ya bajeti. Jambo hili si dogo kwa kitabu hiki, maana umbizo la kampuni ya Westwood, lililobeba sinema za Command & Conquer mwaka 1995, limeitwa kwa jina la njia hiyo hiyo, na kosa likiachwa litarudiwa katika sura nzima inayolihusu.

Si yote tuliyoyaona yanayohitaji kalamu nyekundu. Ile miraba ya pikseli nne kwa nne mfasiri ameita "vigae", nasi twalipokea neno hilo kwa mikono miwili. Yeyote aliyeiona video ya Cinepak iliyobanwa kupita kiasi anajua kwamba ukingo wa uso wa mtu huvunjika vipandevipande vya mraba kama sakafu iliyobomoka. Hilo lina faida ya ziada: linatuwezesha kutofautisha kasoro mbili ambazo watazamaji wa televisheni huziita zote chenga. Chenga za antena mbovu ni punje za nasibu zilizotapakaa kiooni, kama chenga za mchele katika ungo. Vigae vina mpangilio, husimama mahali pamoja, na hutokana na uamuzi wa mbanaji. Fundi akiambiwa picha "ina vigae" atajua aanzie wapi.

Kuhusu fremu, mfasiri ana "fremu ya ufunguo" kwa ile inayojitosheleza, na "fremu ya katikati" kwa zile zinazoandika mabadiliko tu. Ufunguo umetafsiriwa sisisi, na mwanafunzi ataitafuta kufuli. Katikati si kweli, kwa kuwa fremu za namna hii zaweza kuwa mwanzo, kati au mwisho wa mfululizo, mradi tu zimeifuata nyingine. Wazo lenyewe ni la kale kuliko Cinepak. Umbizo la FLI, lililokuja na programu ya Autodesk Animator ya Jim Kent mwaka 1989, liliandika picha ya kwanza nzima, kisha kwa kila picha iliyofuata likaandika sehemu zilizobadilika tu. (Huyo Kent ndiye aliyeandika baadaye, mwaka 2000, programu iliyounganisha vipande vya jenomu ya binadamu, aliyezoea kuunganisha vipande huunganisha vyovyote.) Myst, mchezo wa mwaka 1993, ulipeleka ubahili huo mbele zaidi: sehemu kubwa ya kioo ilikuwa picha tuli, na video ilichezwa katika kidirisha kidogo tu kilichobandikwa juu yake.

Hapa sarufi yetu yatupa istilahi zilizo tayari. Kila mwalimu wa Kiswahili amefundisha kishazi huru na kishazi tegemezi. Kishazi huru hueleweka kikisimama peke yake. Kishazi tegemezi hudai kingine. Kwa nini tusiseme "fremu huru" na "fremu tegemezi"? Tuliyajaribu maneno haya katika sentensi ngumu kuliko zote za mswada. PlayStation ya kampuni ya Sony, iliyotolewa Japani mwezi Desemba 1994, ilikuwa na sakiti yake maalumu ya kubanua video, na sakiti hiyo ilishughulikia kila fremu bila kuitazama iliyotangulia. Mswada wasema: "Katika mashine hii kila fremu ni ya ufunguo." Msomaji ataduwaa. Tukisema kwamba katika mashine hiyo fremu zote ni huru, hata asiyewahi kuiona ataelewa kwamba mchezo ungeweza kuanza kuonyesha video kuanzia fremu yoyote, na pia ataelewa kwamba uhuru huo ulilipiwa kwa nafasi kubwa zaidi katika diski.

Yapo mengine tunayoyapitia kwa haraka. "Azimio la picha" lafaa lifutwe leo hii. Maazimio hupitishwa na mikutano, na nchi hii ina moja la mwaka 1967 ambalo halikuwa na pikseli. Yatosha kusema picha ina pikseli 320 kwa 240, na pale panapotakiwa jina, "wingi wa pikseli". "Nukta" kwa maana ya pikseli ni neno zuri, lakini nukta ni sekunde pia kwa wazee wetu, na mswada una mahali panaposomeka "nukta 76,800 mara 12 kwa nukta". "Video ya mwendo kamili" haina maana katika Kiswahili, kwa kuwa hapana video ya mwendo nusu. Kilichokusudiwa ni filamu iliyorekodiwa na kupachikwa katika mchezo, kinyume cha michoro inayochorwa na mashine mchezo ukiendelea, nasi twapendekeza "filamu pachikwa". Ndiyo aina iliyokuwamo katika Night Trap ya Sega CD mwaka 1992, na hapo mfasiri hana budi kusahihisha jambo la ukweli pia: rangi 64 hazikuwa kikomo cha mchezo mzima, ila kikomo cha zile zilizoweza kuonekana kiooni kwa wakati mmoja.

Majina ya bidhaa hayatafsiriwi. Smacker, umbizo la kampuni ya RAD Game Tools lililotoka mwaka 1994 na kutumiwa katika michezo mingi ya rangi 256, mswada waliita "Kofi". Tulicheka, kisha tukajiuliza mwanafunzi atalipataje umbizo hilo katika orodha yoyote duniani.

"Mageuzi ya faragha ya kosini" yalituchukua nusu saa kuyafahamu. Ni njia ya hisabati iliyotangazwa na Nasir Ahmed, Natarajan na Rao mwaka 1974, ambayo huieleza miraba ya picha kwa kiasi cha mawimbi badala ya pikseli mojamoja, ili yale mawimbi madogo ambayo jicho halitayakosa yatupwe. Ndiyo njia iliyotumiwa na sakiti ya PlayStation. Faragha imeingia kwa sababu maneno mawili ya Kiingereza hutamkwa sawa na kuandikwa karibu sawa, moja likiwa na maana ya mtu msiri na jingine la vitu visivyoungana. Mageuzi nayo yamekwisha chukuliwa na siasa tangu vyama vingi viliporudi mwaka 1992. Twapendekeza "mgeuzo wa kosini". Kivumishi cha kutoungana twawaachia wanahisabati. Kwa kiwango cha kitabu hiki hakihitajiwi.

Limebaki suala la msimbaji na msimbuaji. Mfasiri ametumia "kodeki" kwa jozi ya kanuni za kubana na kubanua, nasi hatuna pingamizi. Neno limekaa vizuri katika matamshi yetu, na kiunganishi kirefu kama "kisimbaji-kisimbuzi" kitakimbiwa na kila mtu. Tunachodai ni kwamba kodeki isichanganywe na umbizo la faili. QuickTime ni kasha. Cinepak ni mojawapo ya kodeki zinazoweza kukaa ndani ya kasha hilo. Smacker ni vyote viwili, na hapo mfasiri alipaswa kusimama na kueleza.

Ugumu umo katika nusu ya pili ya jozi. Wakati matangazo ya televisheni ya analojia yalipoanza kuzimwa, Dar es Salaam ikitangulia mwishoni mwa Desemba 2012, wananchi walihitaji jina la kile kisanduku kipya, wakasema king'amuzi. Baadaye kisimbuzi kikaenea katika matangazo na katika maandishi ya ofisi, na leo maneno yote mawili yapo. Mswada waita programu ya kubanua "king'amuzi" na sakiti ya PlayStation "kisimbuzi". Mgawanyo huo hauna msingi katika matumizi, kwa kuwa kwa mtu wa kawaida vyote viwili ni kile kisanduku kinachokatika mwisho wa mwezi usipolipia. Tumependekeza kwa muda "programu ya kubanua" na "sakiti ya kubanua", maneno ya wazi yasiyoweza kumpeleka mtu dukani. Wajumbe wawili wanataka kisimbuzi kipanuliwe kibebe na sakiti, kwa hoja kwamba ndani ya kisanduku cha televisheni kazi hiyo hiyo hufanywa na sakiti ya jamii hiyo hiyo. Hoja yao ina nguvu, nayo itasikilizwa katika kikao kijacho.

Mswada umerudishwa kwa mfasiri ukiwa umepigwa mistari mahali panapohusika, na kibali cha faharasa kimezuiwa mpaka masahihisho yaletwe. Chuo kimeandikiwa barua ya pili inayoomba karatasi za mtihani ule zisahihishwe upya.